Nani Alimwosha Shami?

— Huyu mtu wako amekufa vibaya. Rudia.

Swafiya aliisoma kwa sauti, akaitupa simu juu ya cherehani kana kwamba imemng'ata.

Alikuwa ameweka sehemu ya mwisho ya simulizi yake tangu juzi, na grupu zima la mtaa wetu wa Nyamirambo lilikuwa bado linafuta machozi: mpenzi amefia Kampala, amezikwa, basi. Halafu akaingia mtu asiye na picha, anajiita Msomaji Tu, kusema hivyo.

Grupu likawaka.

"Mchawi weye!"

"Andika yako basi tuone!"

Swafiya naye akajibu: "Ndugu, sikubuni. Huyo ni Shami wangu. Heshimu marehemu."

Jibu likaja: "Pole. Lakini maneno yake ya kuaga ni marefu, mgonjwa hana pumzi hiyo. Na mazishi yana shimo. Nani alimwosha? Nani aliingia kaburini kumpokea? Umeandika kama mtu aliyesimuliwa."

Na kweli alisimuliwa. Kwetu wanawake hatufuati jeneza; tunabaki nyumbani, wanaume ndio wanarudi na habari. Habari za Shami alizileta rafiki wa marehemu, Usumani, ambaye Jumapili hii angemuoa Swafiya. Gauni lilikuwa limetundikwa pale mlangoni, likisubiri pasi.

— Mbloku, sha! nikamwambia, mimi jirani nisiyekosa pale kwake.

— Nitambloku. Lakini kwanza nirekebishe. Amesema kweli, mbwa yule.

Akampigia Usumani, akaweka spika.

— Mpenzi, naandika upya ile sehemu. Shami, aliyemwosha nani?

— Maiti tena, wiki ya harusi?

— Wasomaji wanauliza.

— Mimi. Kwa mikono hii hii.

Swafiya akanitazama.

— Usumani, uliniambia ulimkuta ameshazikwa. Udongo bado mbichi. Ndivyo nilivyoandika.

Tukamsikia akifunga mlango.

— Swafiya, mambo ya zamani hayo...

— Aliyemwosha nani?

Simu ikakatika.

Saa ya swala ya Ijumaa ikaingia. Wanaume wote wako msikitini, maduka yamefungwa, hata moto moja ya kubeba abiria haipiti. Mtaa wetu wenye kelele ulinyamaza mpaka nikasikia sindano ikianguka.

Swafiya akaandika: "Nimerekebisha. Hakuna aliyemwosha, maana hakuna maiti. Msomaji Tu, weye ni nani?"

"Sasa hadithi imekaa sawa. Ile taa ya cherehani, bado unaisahau ikiwaka mchana?"

Tukaitazama taa. Ilikuwa inawaka.

Nikaanza kusoma kila aya ninayoijua na nyingine nisizozijua vizuri.

— Kuna mtu mlangoni, akanong'ona Swafiya.

Nyuma ya gauni, kwenye pazia, palikuwa na kivuli. Ungedhani gauni limeota miguu.

— Swafiya.

Sauti ile! Nilimshika mkono, ulikuwa barafu.

— Kama weye si jini, toa shahada! nikapaza sauti.

Kivuli kikaitoa yote, taratibu, bila kukosea. Kisha kikasema:

— Usumani aliniambia umeolewa Goma, hutaki hata kusikia sauti yangu. Juzi nikatumiwa simulizi. Nikasoma nimekufa, na wewe unalia. Mwanamke aliyenisahau halii vile.

— Mbona hukusema ni wewe?

— Ungeamini nani? Mtu bila picha, au mchumba wako? Ilibidi uingize mguu shimoni mwenyewe.

Mkono ukapenya kando ya pazia. Swafiya akaugusa kwa ncha ya kidole, haraka, kama fundi anavyopima pasi.

Ulikuwa wa moto.

Akalia kilio ambacho hakuwahi kukiandika.

Jumapili gauni lilipigwa pasi, likavaliwa. Baba yake Swafiya alibadilisha bwana harusi tu, biryani ilikuwa ile ile. Usumani? Wanasema ameonekana Remera akipanda basi, mimi sikuwepo.

Katikati ya karamu simu zetu zikalia pamoja. Swafiya ameweka mwisho mpya, na Msomaji Tu ameandika chini yake:

"Afadhali. Ila bado naongea sana."

Bibi harusi akajibu:

"Basi nyamaza ule."