Spana Isiyo na Namba

Katika karakana ya kambi ya anga ya Korvik, Dakota ya Kaskazini, kila spana ina umbo lake lililochorwa ubaoni. Nafasi moja ikibaki wazi, ndege hairuki, hata jenerali apige kelele mpaka sauti imkauke. Asubuhi ile Sajini Marlys Haugen, fundi mkuu wa zamu, alitupa jicho ubaoni kama walivyozoea wote: hakuna nafasi wazi. Akatia sahihi, ndege ikatoka. Rubani alikuwa Dell, mdogo wake wa pekee, na ndiyo mara yake ya kwanza kuruka peke yake.

Ndipo aliposikia harufu ya nywele zilizoungua.

Aliifuata mpaka ubaoni. Spana ya mwisho ilikuwa imekaa sawasawa mahali pake, ila ilikuwa nyeusi, haina namba ya kambi, na ilikuwa na joto la kiganja cha mtu.

"Mzee Orville," aliita kwa sauti ya chini. "Hii ya nani?"

Orville Brandvold, fundi wa kiraia aliyezeekea pale, aliitazama. Kahawa ikammwagikia mkononi, wala hakushtuka.

"Usiishike, binti."

"Acha mizaha, mzee. Mdogo wangu yuko nje!"

"Wakati wa Vita Kuu ya Pili, hapa walifundishwa vijana kurusha ndege za mabomu," Orville alinong'ona. "Fundi mmoja akapoteza spana. Akaogopa adhabu, akajaza nafasi kwa spana yake ya nyumbani. Kumbe ile iliyopotea ilikuwa imesahaulika kwenye injini; ndege ikaanguka na vijana wanane. Akakimbilia motoni kuwatoa, hakurudi. Baadaye, enzi za Vita Baridi, za kuwachunga Warusi, baba yangu aliiona spana hiyo hiyo ubaoni. Siku hiyo nayo tulizika."

"Kwa hiyo spana yetu..."

"Imo kwenye injini."

Jamani! Marlys alinyakua redio akamwita Dell, lakini mle ndani hakukuwa na Dell wala mnara wa kuongozea ndege, kulikuwa na mlio wa moto unaotafuna kitu na mtu akihema karibu kabisa na sikio lake, akaitupa, akakimbia, akakatisha majani yenye umande huku injini ikipandisha mngurumo, akafika kwenye njia ya kurukia, ndege ikiwa imeanza kushika kasi, akasimama katikati, mikono juu, akilia na kuliita jina la mama yao.

Ndege ilisimama hatua kumi mbele yake, injini ikazimwa.

Orville alifika akitweta, akachungulia kwenye mdomo wa injini kwa tochi, akaivuta spana ya kambi iliyopotea: namba ishirini na nne. Dell alipoteremka, Marlys alimkumbatia hadi akalalamika.

"Dada, utanivunja mbavu! Ungeniua kwa mshtuko."

"Nyamaza. Nyamaza tu, mdogo wangu."

"Sawa. Ila mwambie na yule mzee wako ashuke."

"Mzee gani?"

"Huyo wa kiti cha nyuma. Naambiwa naruka peke yangu, halafu mnaniletea fundi! Kapanda kimya, kanigusa bega, kasema, 'Safari hii siwaachi muende peke yenu.'"

Marlys alipanda ngazi taratibu. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Mkanda wake ulikuwa umefungwa, umekaza, ukipanda na kushuka kama ulio juu ya kifua cha mtu anayepumua.