Faili la Mahindi la Sirari

"Agatha, geti limefunguliwa. Una dakika kumi na moja kabla malori hayajaanza kuvuka."

Mkuu wake akakata simu.

Agatha Mogesi aliitupa pikipiki yake ya Honda mbele ya ofisi ya forodha Sirari, akaingia mbio. Ujasusi ulikuwa umemfundisha kutulia, lakini leo moyo ulikataa katakata. Mwenzake, Yona, alikuwa ametekwa asubuhi Nyambureti na wauza pembe za faru. Sasa alikuwa ndani ya lori mojawapo kati ya arobaini yaliyopanga foleni kwenda Isebania, upande wa Kenya, mlinzi mwenye bastola ubavuni. Askari wakipekua lori lisilo lake, mlinzi angesikia zogo, na Yona angekwisha.

"Shikamoo, mzee Amos. Nipe faili la Konstantino." Amos alikuwa karani wa forodha, Konstantino wakala wa malori yote yale.

"Marahaba. Hili hapa. Mahindi tu, mwanangu."

Kweli. Mstari wa kwanza mahindi, wa arobaini mahindi.

"Lilikuja hivihivi?"

"Aa, lilikuja limejaa mabano na alama za kompyuta. Tuna faili letu la mtindo, kiprogramu cha kupanga maandishi, linazivua zote, linatubakizia maneno. Mwaka wa sita huu. Nani asome uchafu ule?"

"Na mpokeaji wa Isebania? Anapata lipi?"

"Lile lenye mabano."

Mungu wangu! Chochote kilichofichwa ndani ya mabano, forodha isingekiona kamwe.

Agatha alilivuta faili asilia kwenye kompyuta yake ya ThinkPad. Akaandika faili jipya la mtindo, kinyume cha lile la forodha: tupa maneno, bakiza yaliyoandikwa ndani ya alama. Akakosea, akafuta, akaandika tena.

Akabonyeza.

Mahindi yote yalitoweka. Ukabaki mstari mmoja: Lori 27. Mtu hai. Nyuma, chini ya turubai.

Scania namba 27 ilikuwa ya tatu kutoka getini.

"Wee madam, toka kwa njia!" dereva akafoka.

Agatha alizunguka nyuma, akachana turubai kwa kisu. Mlinzi aliinua uso, kitako cha Glock ya Agatha kikamlaza juu ya magunia. Yona alikuwa pembeni, kamba mikononi, macho wazi. Agatha alitaka kulia. Akakata kamba.

"Umechelewa," Yona akanong'ona.

"Nilikuwa nasoma."

Getini, askari walioitwa na mzee Amos walikuwa wameshamtia Konstantino pingu.

"Lakini nyie hamsomagi yale mabano!" alilalamika, kama mtu aliyeonewa.

Agatha alimpita bila kumtazama. Akaenda kutafuta chai.