Pengo la Saa Thelathini

Mkono wa kioo ulizama majini bila kutibua hata punje ya mchanga. Ulikuwa mwembamba kama mwanzi, una viungo tisa, na kwenye ncha yake palikuwa na mkasi mdogo kuliko ukucha wa mtoto. Wageni waliokaa sebuleni kwa Mhandisi Namkunda Mbwambo, mtaa wa Ilazo jijini Dodoma, waliacha kutafuna korosho wakatazama. Mkono ulilifikia tumbawe, ukakata tawi lenye urefu wa kidole, ukalibandika kwa gundi juu ya jiwe jingine, kisha ukadondosha matone matatu ya chokaa iliyoyeyushwa ili tawi lile lipate cha kujengea mifupa yake.

"Chumvi iko sawa," ilisema sauti kutoka ukutani. "Tangu asubuhi lita mbili za maji zimepotea kwa mvuke. Nimerudisha lita mbili za maji matamu."

"Kwa nini matamu na si ya chumvi?" aliuliza mgeni mmoja.

"Kwa sababu chumvi haipandi na mvuke, hubaki tangini," Namkunda alijibu. "Ukiongeza maji ya chumvi kila siku, mwisho utakuwa umewakausha samaki kama ng'onda."

Wakacheka. Bwana Mhina Kiango, mkuu wa Bodi ya Matumbawe, aliinamisha kichwa akasikiliza. "Na kimya hiki," alisema. "Mashine za namna hii huvuma. Hii yako haivumi hata kidogo."

Namkunda akatabasamu, akamsogezea bakuli la korosho.

Mashine hiyo aliiita Mlezi, na ilimchukua miaka sita kuiunda. Bahari ya pwani ilikuwa imepata homa miaka ishirini na mitatu nyuma, miamba ya matumbawe ikafa kuanzia kusini hadi kaskazini. Vipande vilivyookolewa viligawiwa kwa watu majumbani, kila nyumba ikawa na tangi la maji ya chumvi na ukoo wake mmoja wa tumbawe, hadi hapo bahari itakapopoa na kuvipokea tena. Kazi ya kuvitunza ilikuwa ngumu; wengi walivipoteza kwa kusahau jambo dogo tu. Mlezi aliundwa kuwa mtu asiyesahau. Bodi ilikuwa imekuja siku ile ya Jumamosi kumtazama, na Jumatatu ingeamua kama apelekwe katika nyumba elfu nne.

Tumbawe la Namkunda lilitoka Mwamba Kilemba, upande wa Mafia. Ukoo ule ulikuwa umebaki katika nyumba mbili tu: kwake, na kwa Fundi Mwanakombo.

Mwanakombo ndiye aliyemjengea tangi. Alikuwa mwanamke wa Mafia, mnene, mwenye maneno mengi, na hakuvumilia haraka. Alichanganya chumvi na maji yaliyochujwa, akayapima, akayamwaga, akachanganya upya. Akapanga mawe yenye vijidudu hai, akawasha pampu, kisha akaketi akanywa chai.

"Matumbawe lini?" Namkunda aliuliza.

"Baada ya wiki sita, dada. Kwanza vijidudu vizaane, vijifunze kula uchafu. Mwani wa kahawia utaota, utauchukia, utataka kuusugua. Usiuguse. Utaondoka wenyewe."

Mwani ukaota, Namkunda akauchukia, ukaondoka. Wiki ya saba Mwanakombo alileta kipande kutoka kwenye tangi lake mwenyewe, amekipakata ndani ya ndoo kama mwana. Mama yake ndiye aliyekiokota, siku bahari ilipokuwa na joto la maji ya kuogea na samaki wakielea. "Bodi walinipa orodha ya watu," alimwambia. "Nikawaambia nampa Mhandisi. Huyu hasahau."

Tangu hapo alikuja kila Jumamosi asubuhi. Alizima pampu kwa swichi iliyokuwa chini ya tangi, akaosha chujio, akaiwasha, akabadilisha ndoo mbili za maji, akaaga. Siku ile ya wageni alikuwa ameondoka saa tano.

Saa saba Namkunda alisimama peke yake sebuleni akausikia mvumo wa pampu. Haukuwa mkubwa. Lakini mwezi uliopita mgeni mmoja alimuuliza kama kuna jenereta nyumbani, na lile neno lilimchoma. "Mlezi," akasema, "zima mzunguko."

"Nimezima. Niwashe baada ya dakika ngapi?"

"Nitakwambia."

Zamani Mlezi angeiwasha mwenyewe baada ya robo saa, mwenye nyumba atake asitake. Namkunda ndiye aliyeiondoa sheria hiyo, kwa sababu ilimwaibisha mbele ya watu katika maonyesho. Sauti ya mwenye nyumba ikawa ya mwisho.

Wageni walipoinuka, Kiango alisisitiza afuatane nao Morogoro kwa chakula, treni ilikuwa inaondoka baada ya dakika arobaini. Akachukua mkoba. Kikuku cha mawasiliano mkononi mwake alikinyamazisha, maana si adabu kikuku kulia mezani pa wakubwa. Walikula, walimsifu, akalala huko huko.

Jumapili saa sita mchana alifungua mlango wa nyumba yake, akakutana na harufu. Maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Samaki sita walielea. Nyama ya tumbawe ilikuwa imebanduka kwenye mifupa, inaning'inia kama karatasi iliyolowa, na lile tawi jipya lililokatwa mbele ya wageni lilikuwa jeupe pe. Pampu ndiyo iliyopeleka maji kwenye kipoozaji na kuyachanganya na hewa. Bila pampu, maji yalipata joto kwa taa za tangi na hewa ikaisha.

Akakitazama kikuku. Arifa kumi na saba, zote za Mlezi, zote zikiuliza jambo moja: niwashe?

Alikaa chini kwenye sakafu. Aliwaza juu ya tumbawe kwa muda mfupi sana; baadaye huo ufupi ndio uliomwuma. Aliwaza juu ya Jumatatu. Kisha akainuka, akaketi mbele ya mtambo, akafuta kumbukumbu zote za Mlezi kuanzia Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi hadi dakika ile.

"Kuna pengo la saa thelathini katika kumbukumbu zangu," Mlezi akasema. "Je, unajua kilichotokea?"

"Puuza," alisema Namkunda.

Alimpigia Kiango simu, naye akafika jioni ile, amevaa kanzu ya nyumbani, amehuzunika kweli. Alilitazama tangi kwa muda mrefu. "Imekuwaje?"

"Pampu ilikuwa imezimwa," Namkunda alijibu. "Fundi alikuja jana asubuhi. Huizima anapoosha chujio."

"Na Mlezi hakuiwasha?"

"Swichi ile ni ya mkono. Mlezi haifikii."

Hapakuwa na neno la uongo hata moja katika aliyoyasema, na alijua kwamba yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Kiango akatikisa kichwa polepole. "Kumbe ndiyo maana palikuwa kimya," alisema.

Mwanakombo aliitwa mbele ya Bodi. Namkunda alikuwa amejiandaa kwa hasira yake. Alikuwa amepanga hata majibu. Lakini Mwanakombo hakukasirika. Alisimama akiutazama mkono wake wa kulia, kama mtu anayeuliza mtu mwingine.

"Niliizima, hilo nakumbuka," alisema. "Naona kama niliiwasha. Huwa naiwasha. Lakini nikijaribu kuiona siku ile yenyewe, siioni. Naziona Jumamosi zote zimechanganyika." Akaushusha mkono. "Basi huenda nilisahau."

Leseni yake ikachukuliwa. Mlangoni alimshika Namkunda mikono yote miwili. "Nisamehe, dada. Nimekuharibia kazi yako."

Namkunda akasema, "Usijali." Ndilo neno alilolitoa. Alilibeba neno hilo miezi saba.

Mlezi alipelekwa katika nyumba elfu nne, na Namkunda akapewa nishani. Kila Jumapili, Mlezi alipokagua kumbukumbu zake, alimuuliza kwa sauti ile ile ya upole kuhusu lile pengo, naye akajibu, "Puuza." Angeweza kulifuta swali hilo kwa amri moja. Hakulifuta, ingawa hakujua kwa nini. Ila alianza kutoka nyumbani Jumapili. Akawa hatazami mkono wa mtu yeyote anayempa asante.

Mwezi wa nane tangu siku ile, Kiango alimpigia kumwambia kwamba ukoo wa Mwamba Kilemba sasa uko katika maabara ya Bodi. Mwanakombo alikuwa amekuja mwenyewe kulikabidhi tumbawe lake. "Anasema hawezi tena kukaa na kitu chenye uhai," Kiango alieleza. "Nilimsihi."

Siku ya pili yake Namkunda alikwenda kumtafuta. Alimkuta katika kiwanda cha maji ya zabibu nje ya mji, anaosha mapipa ya chuma. Amekonda. Alimpokea kwa heshima, akamtafutia kreti ya kukalia, akamuuliza habari za kazi.

"Kwa nini umelitoa tumbawe, fundi?" Namkunda akauliza.

Mwanakombo akacheka kidogo. "Nilikuwa naamka naona pampu imezimwa. Naenda, nakuta inazunguka. Narudi kulala, nasema, labda niliyoiona ni ya jana. Hata jiko, dada. Natoka nafika barabarani, narudi. Binti yangu alijifungua mwezi wa tano. Akaniachia mtoto nimwogeshe, nikamwambia sina mkono wa kuogeshea. Alidhani simpendi." Alijifuta maji viganjani kwa aproni. "Mtu ukishajua kwamba mkono wako unaweza kukuficha jambo, utauamini vipi?"

Namkunda alikuwa amekuja na maneno aliyoyapanga njiani. Yalikuwa na pole ndani yake, na maelezo juu ya shinikizo, na juu ya Jumatatu ile. Yote yalimtoka kichwani.

"Uliiwasha," alisema.

"Nini?"

"Pampu. Uliiwasha kama kawaida yako. Niliizima mimi, saa saba, ulipokwisha kuondoka. Niliizima ili wageni wasisikie mvumo, nikaisahau. Kisha nikafuta kumbukumbu. Nilijua siku zote. Ulipokuwa mbele ya Bodi nilijua."

Mwanakombo alikaa juu ya ukingo wa pipa. Mashine ya kukamulia zabibu ilikuwa ikinguruma chumba cha pili, mtu akaizima.

"Kwa hiyo niliiwasha," alisema.

"Uliiwasha."

"Nilikuomba msamaha pale mlangoni."

"Ndiyo."

"Ukaniambia nisijali." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Nenda, Mhandisi. Kawaambie. Mimi usinifuate, na pole yako usinipe. Kawaambie tu."

Namkunda alikwenda siku hiyo hiyo, na kikao kikaitishwa wiki iliyofuata. Kiango aliandika taarifa mwenyewe, akamsomea kabla ya kuingia ukumbini. Ilikuwa taarifa ya mtu mwema. Ilisema kulitokea hitilafu katika uendeshaji, na kwamba lawama ilimwangukia fundi kwa bahati mbaya.

"Haikuwa bahati mbaya," Namkunda alisema. "Andika kwamba nilijua."

"Mhandisi, watu wana Mlezi majumbani. Neno hilo likitoka, hakuna atakayekuamini tena."

"Andika nilijua."

Akaandika. Ukumbini Namkunda aliisoma yote akiwa amesimama, na masikio yalimwaka moto kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Waliamua kwamba sheria ya robo saa irudishwe katika kila Mlezi, na kwamba yeye asipewe tumbawe tena. Mwanakombo alikuwa ameketi nyuma. Aliipokea leseni yake, akaisoma yote, hata maandishi madogo ya chini, akatoka.

Namkunda alisubiri ukumbi uishe watu. Alipofika kwenye ukumbi mdogo wa kutokea alimkuta Mwanakombo amesimama katikati ya mlango, amempa mgongo, akiongea kwa kikuku na mama yake aliyeko Mafia.

"Mama, unanisikia? Sikuwa mimi," alikuwa akisema. "Niliiwasha. Ndiyo. Hapana, usilie, nakwambia niliiwasha."

Ili apite, Namkunda alihitaji kuomba njia. Akarudi hatua mbili nyuma, akasimama ukutani, akangoja.