Koti Jekundu Chini ya Theluji

Nilitumwa chai. Mwanaume wa miaka hamsini na mbili, niliyeuza samaki Muscat na kulala stesheni za treni Oslo, natumwa chai kwenye gari kama karani mpya. Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Colorado, na nilishukuru kutumwa. Magoti yangu yalikuwa yamejiuzulu tangu saa sita mchana.

Aliyenituma ni Onyancha, rafiki yangu wa Plano, pembeni mwa Dallas. Mwaka mzima yuko ofisini anatazama kompyuta, likizo ikifika anatafuta kifo cha kizungu. Huko kwetu Dallas mlima mrefu ni daraja la barabara kuu pale Mesquite. Lakini mwaka huu theluji ya Colorado ilikataa kwisha. Aprili inaisha, bado inamwagika, laini kama unga wa ngano. Na bwana mkubwa hakutaka viwanja vya watalii vyenye viti vya kukupandisha. Tupande porini kwa miguu saa tatu, tuteleze kwa mbao dakika nne. Nami, mjinga wa pili, nikafuata.

"Napanda hapo juu kidogo, mara ya mwisho," alisema. "Wewe rudi kwa gari, mzee. Unapumua kama trekta."

"Jua limelainisha huu mlima. Hata yule wa redio amesema theluji itaporomoka."

"Huyo wa redio ana-ski wapi? Enda u-warm chai."

Kila mmoja alivaa kifuani kifaa cha kutafutana. Ukifukiwa, cha mwenzako kinakufuata kwa mlio.

Nikafika kwenye gari. Nikamimina chai, nikafungua chapati. Kimya... Kisha harufu. Moshi wa kuni mbichi, na hakuna nyumba maili ishirini.

Mtu alikuwa amesimama kati ya misonobari. Koti la kijivu. Hana mbao za kuteleza, hana fimbo.

"Habari ya jioni," alinong'ona.

Kiswahili. Huko.

Sisi watu wa ughaibuni tuna ugonjwa mmoja. Tukisikia Kiswahili mahali pasipo Mswahili, mdomo unafunguka na haufungiki. Kule Alief, Houston, niliwahi kummwagia muuza mihogo maisha yangu yote kwa sababu aliniambia pole. Basi nikamkaribisha chai. Sikumuuliza ametoka wapi. Yeye ndiye aliyeuliza.

"Uko na nani?"

Nikamwambia. Onyancha, Mkisii wa Plano, mume wa Kathure yule nesi. Anamwita mkewe Mama Brandon hata mbele ya wageni. Anachukia bamia. Anakoroma.

"Na mama yake anaitwaje?"

Nikamtajia hata mama yake.

"Asante," alisema. "Inatosha."

Nikainama kumwongezea chai. Nilipoinuka...

Hakuna mtu. Hakuna hata nyayo.

Kisha mlima ukaguna. Sauti nzito, ya chini, niliyoisikia tumboni kabla ya masikioni. Mteremko mzima ukashuka.

Nilikimbia, kama ule unaitwa mbio. Kifaa kikalia. Mita arobaini... kumi na mbili... moja. Nikachimba huku namtukana yeye na ukoo wake. Dakika kumi na tano zikipita, unachimba maiti.

Koleo likagusa kitambaa. Koti lake jekundu. Zipu imefungwa hadi shingoni. Juu yake mkoba wa mgongoni, vifungo vyote vimekaza. Kifaa ndani kinalia.

Mtu hamna.

"Unatafuta nini?"

Onyancha alikuwa nyuma yangu. Shati tu, wala hatetemeki.

"Koti umelivuaje?"

"Nilisikia joto."

"Ukafunga mkoba juu yake?"

Akatabasamu. "Twende nyumbani. Mama Brandon anangoja."

Sikwenda. Nilichimba mpaka waokoaji niliowapigia simu wakafika. Wakauliza mlikuja wangapi. Wawili. Wakatuhesabu: wawili. Wakasema theluji ikiporomoka humvua mtu hata soksi, wakanitazama kwa dharau ambayo kwa kweli niliistahili. Ila mbwa wao alikataa kushuka garini.

Kuja Dallas aliendesha yeye, saa kumi na tatu, bila kupumzika, bila kupepesa macho.

Siku ya nne Kathure alinipigia kutoka maegesho ya hospitali.

"Shemeji," alinong'ona, "ulinirudishia nani?"

"Mume wako."

"Nimemuuliza jina la yule mtoto tuliyemzika Houston. Hajui."

Nami sikulijua jina hilo, kwa hiyo sikumtajia yule wa koti la kijivu. Hata kwamba kulikuwa na mtoto, ndiyo kwanza nasikia.

Kule theluji huisha mwishoni mwa Juni. Nimeomba likizo. Rafiki yangu aliniita trekta na bado nampenda, sitamwacha alale kule bila mtu wa kumtukana. Mpango huo nilimwambia Kathure peke yake, na Kathure anaapa hajamwambia mtu.

Jana jioni yule niliyemrudishia alikuja kwangu Mesquite, akaketi karibu nami, ananuka moshi wa kuni mbichi.

"Usiende peke yako," alininong'oneza. "Nitakuonyesha pa kuchimba."