Kioo Juu ya Ufa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Erina alifagia kanisa la zamani pale Bwera ili kumpunguzia kazi baba yake, Asanasio, aliyekuwa mlinzi na mfagizi wa hapo. Siku hizi alikuwa hafagii kwa amani. Kila alipofika nyuma ya madhabahu alikodolea macho ufa mrefu ukutani.

Juu ya ufa huo palikuwa na kipande chembamba cha kioo kilichogandishwa kwa plasta. Madam Gorret, msanifu majengo kutoka Kasese, ndiye aliyekibandika. Wenzake walichora hoteli mpya. Yeye alichagua kufufua majengo ya kale, na wengine walimcheka eti anatibu maiti.

"Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo hiki kitapasuka," aliwaeleza waumini. "Kikipasuka, mtu asiingie humu. Mniite mara moja."

"Kikipasuka, sisi tunaleta tingatinga!" alidakia Yosamu, mzee wa kanisa. "Tumechoka na jengo hili bovu."

Maneno hayo yalimchoma Erina. Yeye na baba yake waliishi katika chumba kilichoshikamana na kanisa. Nyumba yao ya Kasese ilizolewa na mafuriko pamoja na kila walichokuwa nacho. Tingatinga likija, wangelala wapi?

Jumamosi moja mvua kubwa ilinyesha tangu alfajiri. Ilipokatika, Erina aliingia na ufagio wake. Lo! Kioo kilikuwa kimepasuka katikati.

Baba alikuwa ametoka. Erina alikimbia chumbani, akatoa kioo cha fremu ya picha ya marehemu mama yake, akavunja kipande chembamba, akakibandika kwa plasta aliyoiacha Madam Gorret. Vipande vya kioo kilichopasuka alivitupa chooni.

Wivine, rafiki yake ambaye wazazi wake walitoka Butembo, alimkuta mikono ikiwa myeupe.

"Erina, unafanya nini?"

"Nyamaza! Wakijua watabomoa. Sina pengine pa kwenda, Wivine."

"Na kesho? Batoto ba kwaya banakaa hapa chini ya ukuta. Hata miye niko mu kwaya!"

Erina alimshika mikono, akamsihi asimwambie mtu.

Mchana Madam Gorret alimpigia simu Asanasio. "Mzee, nasikia mvua imenyesha sana huko. Kioo kikoje?"

Asanasio alikwenda kutazama. "Kizima kabisa, Madam."

"Basi, kesho salini."

Usiku Erina hakulala. Kila alipofumba macho alimwona Wivine chini ya matofali. Akisema, hana nyumba. Asiposema, je? Alitamani ardhi immeze.

Jumapili waumini walifika wakiwa wamevaa nguo zao nzuri. Kwaya ilipoanza kuingia, Erina alichomoka, akasimama mlangoni, akatandaza mikono.

"Msiingie! Jamani, msiingie!"

"Toka hapo! Mtoto huyu ana wazimu?" alifoka Yosamu.

"Kioo kilipasuka! Mimi ndiye niliyebandika kingine!"

Asanasio alimtazama kwa uchungu. "Erina, umenifanya niwadanganye watu wa Mungu?"

Erina alilia kwa kwikwi, lakini hakutoka mlangoni. Ikabidi ibada ifanyike uani. Asanasio akampigia simu Madam Gorret, naye akafika mbio. Kabla hajamaliza kusalimia watu, ndani kukasikika kishindo. Sehemu ya juu ya ukuta ilikuwa imeangukia mabenchi ya kwaya. Hakuna aliyekuwamo. Wivine alimkumbatia Erina.

"Haya, tingatinga sasa!" alisema Yosamu.

"Hapana," alijibu Madam Gorret. Alizunguka jengo, akapiga magoti kwenye matope. "Maji ya paa yanaingia kwenye msingi. Sasa ninajua ugonjwa. Nileteeni nguzo za mikaratusi na majembe."

Siku hiyo hiyo waliuegemeza ukuta kwa nguzo na kuchimba mfereji wa kuondoa maji. Kiangazi kilipokuja, mafundi walijenga upya sehemu iliyoanguka kwa matofali yale yale ya zamani na chokaa. Yosamu mwenyewe alibeba mchanga. Kanisa halikubomolewa, na chumba cha Asanasio kilibaki mahali pake.

Kazi ilipokwisha, Madam Gorret alimwita Erina mbele ya baba yake.

"Mwanangu, ulidhani ukweli ndio utakaobomoa nyumba yenu. Hofu yako naielewa, maana aliyepoteza nyumba mara moja huogopa sana. Lakini jengo likinionyesha ufa wake, nalitibu. Ufa ukifichwa, jengo linaanguka hata hivyo, tena linaua watu. Wewe ulichelewa kusema, na nusura tuzike watoto. Siku nyingine ukiogopa, njoo useme kwamba unaogopa. Hapo ndipo sisi wakubwa tunapoweza kukutafutia nguzo."