Nzisa na Kanda ya Kijapani

Kila siku baada ya masomo, Nzisa alipitia gereji ya mjomba wake Wambua mjini Machakos kumpelekea chupa ya chai. Chai ilikuwa kisingizio tu. Alichopenda hasa ni kuyaona magari yaliyotoka Japani, yakiwa bado na maandishi ya huko kwenye milango na vioo. Mwaka huo wa 1998 alikuwa darasa la saba, na hamu ya kuyasoma maandishi hayo haikumpa amani.

Siku moja alimkuta Mzee Gelle, mfanyabiashara wa mbuzi, akikagua gari la mizigo alilokuwa amenunua. Mjomba Wambua alipowasha redio ya gari, kanda iliyosahauliwa ndani ilianza kuzungumza. Sauti ya mwanamume ilitiririka kwa kasi ya ajabu, ikapanda, ikazidi kupanda, mpaka ikawa ukelele.

"Haiya! Hicho ni Kijapani?" Nzisa aliuliza, nusura aangushe chupa ya chai.

"Wallahi, sijui kama anatusalimu ama anatutukana," Mzee Gelle alisema akicheka. "Chukua hiyo kanda, mama. Mbuzi wangu hawana haja nayo."

Nzisa alitoka hapo mbio kama aliyezawadiwa gari lenyewe.

Kwa wiki sita alikaa kando ya redio ya nyumbani, akicheza kanda, akiisimamisha, akiirudisha nyuma na kurudia kila sauti. Mwishowe dakika tatu za kwanza zote zilikuwa kichwani mwake, pamoja na ule ukelele. Shuleni wenzake walimzunguka wakati wa mapumziko wakimsihi awasemee tena. Hakuna aliyejua maana, hata yeye mwenyewe, lakini nani angethubutu kumuuliza? Kichwa kilimvimba, nasi tunajua kichwa kikivimba masikio huwa hayasikii vizuri.

"Nzisa, umeona tangazo?" rafiki yake Peris alimuuliza asubuhi moja. "Kuna mwalimu Mjapani anafunza hesabu shule ya upili, anaitwa Mwalimu Tomoko. Sasa ataanza kufunza Kijapani kila Jumamosi kwa ukumbi wa kanisa. Asubuhi ni ya wenye wanaanza, mchana ni ya wenye wanajua kidogo. Twende asubuhi!"

"Mimi nianze? Na niko na kanda?" Nzisa alibetua midomo. "Darasa la mchana ndilo litaandikiana barua na wanafunzi wa Japani. Mimi nitaenda hilo."

Basi wakaenda kujiandikisha. Peris alijaza fomu ya wanaoanza. Kwenye fomu ya mchana kulikuwa na maswali mawili: umejifunza kwa muda gani, na kwa kutumia nini? Nzisa aliguguna kalamu. Wiki sita zilionekana chache mno. Akaandika: "Miezi sita. Kanda ya masomo." Moyo ulimdunda kidogo, lakini hakuujali.

Jumamosi ilipofika, Mwalimu Tomoko, mwanamke mfupi mwenye tabasamu la haraka, alimsimamisha Nzisa mbele ya wanafunzi wanane na kumuuliza jambo kwa Kijapani. Nzisa alivuta pumzi, akaanza. Maneno yalimtoka kama mvua ya mawe. Alipofika mwisho alipiga ukelele mpaka madirisha yakatikisika.

Mwalimu Tomoko alishika mdomo kwa mikono miwili. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Nzisa," alisema kwa Kiswahili cha polepole, "hizi ni mbio za farasi! Mtu alizirekodi kutoka redioni. Umetaja farasi wote tisa. Umeeleza nani yuko mbele na nani amechoka. Mwisho umetangaza kwamba namba tano ameshinda. Mimi niliuliza unaishi wapi."

Darasa lilivunjika mbavu. Nzisa alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kisha mwalimu aliichukua fomu. "Hapa umeandika miezi sita, kanda ya masomo. Ni kweli?"

Angeweza kushikilia kwamba ni kweli. Mjomba hakuwepo, wala Peris. Lakini alitikisa kichwa.

"Si kweli, Mwalimu. Ni wiki sita, na kanda ilitoka kwa gari. Niliona haya kukaa na wenye wanaanza."

Kicheko kilikatika. "Asante kwa kusema ukweli," Mwalimu Tomoko alisema. "Lakini darasa hili hutaliweza bado, na la asubuhi limejaa. Niko na viti kumi na viwili tu."

Nzisa aliumia moyo. Kile alichokitaka kuliko vyote kilikuwa kinamponyoka, tena kwa mkono wake mwenyewe.

"Na nikileta kiti changu?"

Mwalimu alimtazama, kisha akatabasamu. "Ukileta kiti, njoo saa mbili. Leta pia daftari la hesabu, lile la miraba, kwa sababu kila herufi yetu hukaa ndani ya mraba wake. Kanda nitakupa mimi, ya mtu anayezungumza polepole. Ile yako ilitengenezewa watu wanaozungumza Kijapani tangu utotoni. Kabla ya kuchagua kitabu, kanda au darasa, uliza kwanza: hiki kimetengenezewa nani?"

Mjomba Wambua aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akaketi juu ya tairi. Halafu akawa makini.

"Huo uongo ungekuweka mwaka mzima kwa darasa lenye huelewi kitu," alisema. "Nani angepoteza? Si mwalimu. Ni wewe."

Nyumbani kulikuwa na benchi refu tu, kwa hivyo mjomba alifungua kiti cha mbele cha gari bovu na kukipigilia miguu ya mbao. Jumamosi iliyofuata walikibeba pamoja kupita sokoni, watu wakiuliza gari lenyewe liko wapi. Ukumbini, wanafunzi kumi na wawili waligombea kukigusa, na Peris alicheka kwa furaha.

"Nani hapa bado hajui Kijapani hata kidogo?" Mwalimu Tomoko aliuliza.

Watoto walitazamana, wakainamisha vichwa kwa haya. Nzisa alikuwa ameshainua mkono juu kabisa, macho yakimng'aa.

"Vizuri sana, Nzisa," mwalimu alisema. "Wiki iliyopita ulijua kila kitu, sikuweza kukufunza chochote. Leo nitaweza. Njoo mbele, tunaanza na wewe."