Upande Mmoja wa Uso wa Anthusa

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilele vya mawe wakati Bibi Theodoti, mkunga wetu, aliponituma kanisani kuchukua dawa. Mke wangu Anthusa alikuwa na homa siku ya sita, midomo imepasuka, hanitambui tena.

"Kwangua pindo la joho la Mtakatifu Kosma," bibi akaninong'oneza. "Pindo tu. Utie kwenye maji, anywe. Na ubebe taa."

Dawa hiyo kila mtu kwetu Kapadokia anaijua. Vumbi la picha ya tabibu huyo mtakatifu, iliyochorwa ukutani, limeinua wagonjwa wengi. Lakini taa... Mimi, niliyefika Mji Mkuu mara mbili na kurudi na kitambi, nibebe taa? Nikamwambia chokaa ya kuta zile niliichanganya kwa mikono hii, nazijua hata macho yakiwa yamefumbwa. Ukweli ni kwamba mchoraji wa kuta hizo alinifukuza kazi kabla mwezi haujaisha, kwa porojo. Hilo sikulisema.

Kanisa letu limechongwa ndani ya mwamba. Nikaingia gizani. Harufu ya nta, ya unyevu... na ya divai iliyochacha. Hiyo nikadhani ni mimi. Upepo ukavuma, nikageuka kuufunga mlango. Kosma yuko mkono wa kushoto, nikajikumbusha. Nikaenda kushoto, nikapapasa, nikatoa kisu.

Kwaru... kwaru...

Ukuta ulikuwa na joto.

Chokaa ilitoka laini, kama utando wa maziwa. Nikaikinga kwa kitambaa. Ndipo sauti ikasema, karibu kabisa na sikio langu:

"Ongeza."

Nami, mpumbavu mwenye adabu, nikasema asante, nikaongeza.

Anthusa akanywa. Kulipokucha alikuwa jikoni anakanda unga, ananitania kwamba wasiwasi umenikondesha, heri augue tena nipate umbo. Nikalia kama mtoto. Bibi Theodoti akasema hata mlevi ana siku yake.

Nikarudi kanisani na mafuta ya kushukuru, safari hii na taa. Pindo la Kosma lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo.

Nikasimama pale nikiwaza. Kumbe nilipogeukia mlango, kushoto kwangu kuligeuka pamoja nami. Nikainua taa kuelekea ukuta wa pili. Pale imechorwa Karamu ya Mwisho, na alama mbichi za kisu changu zilikuwa kifuani mwa Yuda.

Sasa, wachoraji wetu wana sharti moja. Mtakatifu huchorwa uso mzima, macho mawili, akutazame nawe umtazame. Yuda na mashetani huchorwa kwa upande, jicho moja, ili mtu asije akakutana nao macho. Yuda yule alichorwa nikiwepo. Jicho moja.

Asubuhi ile alikuwa na mawili.

Yananitazama.

Nilikimbia hadi nyumbani, kitambi mbele, mimi nyuma. Anthusa alikuwa akichochea moto. Nikauona upande wa kulia wa uso wake. Nikazunguka... naye akazunguka, taratibu, mwiko mkononi. Nikaona upande ule ule. Tangu siku hiyo hulala akiuelekea ukuta. Akicheka, hucheka na mlango. Majirani husema amepona na kuota maringo, kama bibi harusi. Huniuliza nilimkwangua nani, nami hujibu Kosma, nao hunisifu. Nimesifiwa mwaka mzima.

Nimejaribu kumwambia. Mara nyingi. Hufungua kinywa, kikatoka kichekesho.

Juzi tulikuwa tunakula dengu, yeye ubavu kwangu kama kawaida. Akauliza kwa upole, "Sisinio, dawa ile ulimkwangua nani?"

"Kosma."

Akauweka mkate chini.

"Niangalie usoni, mume wangu, kisha useme tena."

Na polepole, kwa mara ya kwanza tangu anywe, akaanza kunigeuzia uso. Nikaona ncha ya pua. Nikaona nyusi ya pili ikichomoza...

Kilichokuwa chini ya nyusi ile sikijui hadi leo.

Mimi ndiye niliyegeuka. "Kosma," nikauambia ukuta.